Flashi ya soul za zamani: sauti safi, majina ovyo

Mwezi uliopita nilimpelekea kijana wa kibandani flashi ya GB 32 anijazie soul za zamani, ule muziki wa Wamarekani weusi, za kusikiliza kwenye gari. Sh 10,000, nyimbo 400 na ushee, nusu saa nikaondoka nazo. Kwenye sauti namsifu: hazikwaruzi, hazikatiki, wala hakuna DJ anayejitaja katikati ya kiitikio. Kasheshe ni majina.

Niligundua siku nampeleka mjomba Kibaha. Kinanda kikaanza taratibu, kioo cha redio kikaandika: Otis Redding, When a Man Loves a Woman. Mjomba akavaa miwani, akasoma mara mbili. "Nani kaandika upuuzi huu? Huyu Percy Sledge, 1966." Mjomba ni wa kizazi kilichocheza soul Dar kabla Mkuu wa Mkoa wa Pwani hajaipiga marufuku Novemba 1969, sasa ubishane naye vipi? Sledge alikuwa mhudumu wa hospitali huko Alabama. Wimbo huo ndio uliomtoa, ukashika namba 1 Marekani. Halafu sikiliza tu: Otis ana mkwaruzo kooni, anaikatakata mistari. Percy anaivuta sauti moja ndefu kama mtu anayelia bila kuona aibu.

Basi safari ikageuka mtihani. Me and Mrs. Jones wa Billy Paul, mtu wa Philadelphia, 1972, umeandikwa Marvin Gaye. I Can See Clearly Now kapewa Bob Marley! Ni wa Johnny Nash, Mmarekani wa Houston, nao wa 1972. Huo nausamehe kidogo, maana Nash aliupiga kwa mdundo wa rege, na Stir It Up aliouimba ni utunzi wa Marley kweli. Lakini Billy Paul na Marvin wapi na wapi?

Nyumbani nikazipitisha zile zenye utata kwenye Shazam, programu ya simu inayotambua wimbo kwa kuusikiliza. Mjomba hakukosea hata moja. Na karibu kila mara aliyenyang'anywa ni msanii mwenye wimbo mmoja mkubwa, akapewa mwenye ishirini.

Nilimrudia kijana, akacheka: "Braza, mimi nazipokea hivyohivyo." Namwamini. Faili hizi zimekopiwa kompyuta hadi kompyuta tangu enzi za Napster, ule mtandao wa kubadilishana nyimbo, na aliyebahatisha jina mara ya kwanza ndiye tunayemsoma mpaka leo. Ila kama unauza, ndugu yangu, sikiliza basi unachouza.

The Dock of the Bay angalau ulikuwa na jina lake, Otis, aliyeurekodi siku chache kabla ya kufa kwenye ajali ya ndege, Desemba 10, 1967. Mjomba alifumba macho, akaufuata ule mluzi wa mwishoni mpaka ukapotea.

Nyota 3 kati ya 5. Nitarudi kwake, safari hii na orodha ya mjomba mkononi. Ameshajaza kurasa mbili, na bado hajafika kwa akina mama waimbaji.