Kindle au Kobo? Kabla hujatoa hela, uliza waifai yake kwanza

Jamani kila anayenunua Kindle ya mtumba Kariakoo (kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kidijitali; Kobo ni mpinzani wake) lazima anitumie meseji ileile, "dada mbona haioni hotspoti yangu?" Ya jirani inaona, ya saluni ya chini inaona, ya kwako wewe uliyelipia bando haioni. Ukirudi dukani muuzaji anawasha hotspoti ya kisimu chake cha zamani, inakamata, basi anakwambia simu yako ndo mbovu.

Simu haina kosa. Kindle aina ya Paperwhite ya 2018 inashika waifai ya bendi ya gigahezi 2.4 tu, na simu nyingi za sasa, hasa iPhone kuanzia 12, zinarusha kwa 5. Kwenye iPhone washa Maximize Compatibility kwenye settings za hotspoti, inashuka kwenye 2.4, kwenye Android chagua bendi ya 2.4 huko kwenye settings za hotspoti. Wengi wetu hatuna waifai nyumbani, tunaishi kwa hotspoti, kwa hiyo watu wakianza kubishana ukali wa kioo mi nawaangalia tu. Na tangu Februari 2025 Amazon wameondoa ile njia ya kushusha kitabu ulichonunua kwenye kompyuta halafu ukahamisha kwa waya, sasa bila waifai utakisomea wapi?

Kwa hiyo kwangu namba moja ni Kobo Clara BW, na sifichi, mi mtu wa Kobo. Bendi zote mbili inashika, na hata ikigoma unachomeka waya wa taipu C unatupia EPUB zako humo (mafaili ya vitabu vya kidijitali), inasoma bila maswali. Maji haiogopi. Tatizo Dar kuipata ni shughuli, mpaka upate mtu wa kukubebea.

Namba mbili Paperwhite ya 2021 kuja juu, nayo bendi zote, taipu C, ila EPUB mpaka uitume kwa Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma mafaili kwenye Kindle, intaneti tena.

Za bei chee zenye tundu la chaji la zamani, achana nazo.

Sasa bei. Paperwhite ya 2024 ilitoka kwa dola 160 huko Marekani, hapa ukitajiwa unaweza kukaa chini. Kuna muuzaji nilimuuliza mbona hivyo, akasema ushuru. Ushuru gani wa kitu kilichokuja kwenye begi la nguo? Na boksi hataki kufungua mpaka ulipe! Mwambie aiwashe mbele yako, uangalie kama inakubali akaunti yako ya Amazon, maana kama iliripotiwa imeibiwa Amazon hawakusajilii ng'o. Akikwambia utairiseti mwenyewe nyumbani, mrudishie kitu chake ondoka.