Marvel au DC: mtaa wa kweli na mji wa kubuni

Barazani kwetu Mji wa Kale, kahawa chungu ikimiminwa kwenye vikombe vidogo, ubishi huu hauishi: kati ya Marvel na DC, kampuni mbili za Marekani za vitabu vya katuni vya mashujaa, ipi bora? Mimi ni wa Marvel, na sababu yangu ni mitaa. Spider-Man, aliyetokea mwaka 1962, ni kijana wa Queens, New York: amelelewa na shangazi yake, pesa hazimtoshi, na vazi lake la kishujaa hulishona mwenyewe. Kijana wa Majengo humwelewa mara moja.

DC walitangulia na Superman mwaka 1938, kisha Batman mwaka 1939. Metropolis ya Superman na Gotham ya Batman ni miji ya kubuni, lakini Gotham imechorwa vizuri mno. Ukifungua ukurasa unahisi baridi ya kuta zake. Superman ndiye hanishiki. Mtu asiyeingia risasi nitamhofia vipi?

Binamu yangu, DC damu, hunirudi: “Na Wakanda je, si ya kubuni?” Kweli, nchi hiyo ya Marvel ilibuniwa 1966. Ila iko Afrika, na T’Challa, yaani Black Panther, yuko kwao, ni mfalme, hana wa kumwomba ruhusa. Kitabu changu cha Black Panther jalada limeshabanduka kwa kuazimwa, na huyo binamu ndiye mwazimaji mkubwa.