Saiti ya nukta nyekundu juu ya bastola ya zamani: uzoefu wangu wa miezi minane

Kwa miaka 14 nimepiga shabaha kwa bastola moja tu, Ruger Mark II ya risasi ndogo za .22 yenye mtutu mnene wa inchi tano na nusu. Niliinunua kwa mzee mmoja wa klabu yetu mkono wake ulipoanza kutetemeka. Tulifuata taratibu zote za leseni, na siku ya kunikabidhi aliniambia, "Mwanangu, hii usiitoboe." Wakati ule sikujua anaogopa nini. Nilikuja kumwelewa mwaka huu, nilipoanza kutafuta saiti ya nukta nyekundu, kifaa cha kulengea kinachokuonyesha nukta kwenye kioo.

Kilichonisukuma ni macho. Nina miaka 52. Saiti ya mbele, kile kichuma cha kulengea kwenye ncha ya mtutu, ambayo ndiyo mpiga bastola anapaswa kuikazia macho kuliko kitu kingine chochote, imekuwa kama kitu kilichosimama nyuma ya pazia. Nikivaa miwani ya kusomea naiona vizuri, lakini karatasi iliyo mita 25 mbele inageuka ukungu. Nikivaa miwani ya mbali, karatasi inarudi na saiti inapotea. Alama zangu kwa risasi kumi zilishuka kutoka 88 hadi 79 ndani ya misimu miwili, na nilikuwa ninafanya mazoezi zaidi, si pungufu. Jambo hilo liliniuma.

Saiti ya nukta inaumaliza ugomvi huo wa macho. Ndani yake kuna kitaa kidogo kinachomulika kioo kilichopakwa utando unaorudisha rangi nyekundu na kuziachia nyingine zipite. Kioo chenyewe kimepindwa, na jicho linaiona nukta kana kwamba iko mbali, kule kule iliko shabaha. Unakazia macho shabaha, basi. Ukichungulia ndani utaona karatasi nyeupe imeingia ubuluu kidogo. Ni kwa sababu ya ule utando, wala si kasoro. Teknolojia hii si ya juzi: Aimpoint ya Uswidi ilitoa saiti yake ya kwanza mwaka 1975, kabla hata Mark II yangu haijaundwa.

Nilianza vibaya. Nilinunua saiti ya bei nafuu kwa muuzaji wa mtandaoni, nikaifunga kwa kibanio kinachokumbatia mtutu. Magazini mbili za kwanza zilinipa furaha kubwa. Ya tatu ikapiga kulia. Nikarekebisha, baada ya magazini nyingine mbili nukta ilikuwa imehama tena, safari hii chini. Niliwaza kwamba ni mkono wangu. Jumamosi iliyofuata niliilaza bastola tupu, bolti (chuma kinachofunga risasi nyuma ya mtutu) ikiwa wazi, juu ya mifuko ya mchanga, nikachungulia kwenye kioo huku nikisogeza kichwa pole pole kushoto na kulia bila kuigusa. Nukta ilitoka kwenye duara la kumi la karatasi ikatembea mpaka kwenye la nane. Hiyo ndiyo paralaksi, nukta kuhama jicho linapohama. Kila saiti ya aina hii inayo kidogo karibu na kingo za kioo, hata ile iliyoandikwa kwamba haina, ila ya kwangu ilikuwa nayo katikati kabisa. Na kibanio kilikuwa kimeacha mchubuko mwembamba kwenye rangi nyeusi ya mtutu. Mchubuko huo upo mpaka leo.

Siku ile ndipo nilipobadilisha mpangilio wa kutafuta. Nilikuwa nimeanza na saiti, halafu nikatafuta jinsi ya kuishikiza. Kwa bastola mpya yenye reli ya kufungia vifaa tayari utaratibu huo haudhuru. Kwa bastola ya zamani anza na chuma chenyewe: ina nini juu yake, sehemu gani hutembea na ipi hutulia, na saiti itakaa wapi bila mtu kuitoboa.

Mark II, iliyotengenezwa kuanzia 1982 hadi 2004, ina uzuri mmoja mkubwa hapa. Haina slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila unapopiga, pamoja na kila kitu kilicho juu yake. Bolti inatembea ndani ya risiva, yaani mwili wa juu wa bastola, na risiva yenyewe imetulia pamoja na mtutu. Ukifunga saiti kwenye risiva, haitikisiki kama kwenye bastola za kawaida. Kasoro yake ni kwamba risiva yangu haina matundu ya skrubu. Mark III iliyofuata ndiyo ilikuja nayo. Wenye Smith & Wesson Model 41 za miaka ya zamani wana shida hiyo hiyo. Mafundi wengi watakwambia watatoboa matundu manne kwa saa moja, na kweli wanaweza, lakini tundu likishatobolewa halirudi. Isitoshe, bastola haipelekwi kwa fundi yeyote mwenye mashine ya kutoboa. Ni fundi wa silaha mwenye leseni tu, nawe usimame hapo hapo mpaka amalize.

Njia niliyoifuata ni bamba dogo la chuma linaloingia kwenye mfuo wa saiti ya nyuma. Unatoa saiti ya nyuma ya kiwandani, bamba linateleza mahali pake, saiti ya nukta inakaa juu kwa skrubu mbili. Fundi alifunga bastola kwenye jiriwa lenye ngozi, akaweka kipande cha shaba ubavuni mwa saiti, akagonga kwa nyundo ndogo. Ilisogea kiasi cha unywele kwa kila pigo. Ilipotoka, chuma kilichokuwa chini yake kiling'aa kwa weusi kama siku kilipotoka kiwandani, wakati pembeni yake rangi imefifia kwa miaka 30 ya mikono na mafuta. Fundi alinyamaza akapitisha kidole hapo. Kisha akasema, "Mzee, hii umefanya vizuri hukuitoboa."

Baada ya bamba, uchaguzi ulibaki mwepesi, kwa sababu bamba ndilo linaloamua saiti gani zitakaa. Langu linapokea Burris FastFire na Vortex Venom, ambazo matundu yake ya chini yanalingana. Ni faida unayoifahamu pale tu unapotaka kubadilisha moja kwa nyingine bila kununua bamba jipya. Aimpoint Micro ya mwenzangu niliipiga kwa wiki mbili juu ya bastola yake mwenyewe yenye reli. Ni kifaa cha ajabu, nukta ni duara safi, na mwili wa bomba unakilinda kitaa kisiguswe na vumbi wala manyunyu. Lakini ina uzito wa karibu gramu 100, na bei yake ni zaidi ya mara mbili ya hizi nyingine. Venom ni gramu 30 hivi. Mark II yangu inapita kilo moja hata kabla hujaiongezea kitu, nami nasimama kwa mkono mmoja. Kufikia risasi ya 40, gramu 70 zinasikika begani.

Nilichukua Venom ya nukta ya MOA 3, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea. MOA moja ni kipimo cha pembe, sehemu ya 60 ya digrii. Kwa mita 100 ni karibu sentimita 2.9, kwa mita 25 ni milimita 7 na kidogo. Nukta ya MOA 3 kwa mita 25 inafunika karibu sentimita 2.2, na ya MOA 6 inafunika 4.4. Duara la kumi kwenye karatasi ya bastola ya mita 25 lina upana wa sentimita 5. Kwa hiyo nukta ndogo inaelea ndani ya kumi na unaona ukingo pande zote, ila kubwa inakaribia kulijaza. Kimahesabu ndogo inashinda. Kwa mkono wa binadamu si rahisi hivyo. Nukta ndogo inakuonyesha kila mtetemeko, na mtu mgeni akiiona inacheza huivizia ipite katikati ndipo avute triga kwa ghafla. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, risasi kwa kawaida inaenda chini kushoto. Kijana mmoja klabuni alipambana na MOA 3 miezi mitatu; alipopewa MOA 6 mkono ulitulia siku ile ile, maana hakuona tena kila kitetemo. Kama unaanza, chukua 6. Kama umezoea kuiacha saiti ya mbele ielee huku kidole kikiendelea kukaza bila haraka, chukua 3.

Kabla hujanunua, chungulia kwanza saiti ya mwenzako. Mimi niliona nukta yenye mkia kama alama ya mkato na nikadhani kioo kina hitilafu. Mwenzangu akaniambia niipige picha kwa simu kupitia kioo. Kwenye picha ilikuwa duara. Basi kasoro ilikuwa kwenye jicho langu, na daktari wa macho alithibitisha astigmatizimu, yaani jicho lililopinda bila usawa, niliyoishi nayo bila kujua. Miwani mipya ya mbali ikapunguza mkia karibu wote. Kumbuka ni miwani ya mbali, si ya kusomea, kwa sababu jicho linaitafuta nukta huko mbali.

Kilichobaki cha mkia nakimaliza kwa kupunguza mwanga. Jua letu la saa sita, karatasi nyeupe, ukuta wa udongo unaong'aa: unashawishika kupandisha mwanga mpaka mwisho, na nukta inavimba inakuwa ua. Mimi napandisha mpaka niione, kisha narudi hatua moja. Ile hali ya kujiamulia mwanga yenyewe niliizima, kwa sababu kibanda cha kupigia kina kivuli na shabaha iko juani, na saiti ikipima kivuli inapunguza nukta wakati mimi naihitaji. Julai, kukiwa na mawingu asubuhi nzima, nilishuka mpaka hatua za chini kabisa, na hapo ndipo nukta ilikuwa nzuri kuliko siku zote.

Kuipangia, yaani kuilinganisha nukta na mahali risasi zinapofika, hakukuchukua muda. Nilianza mita 10 nikapata risasi zote kwenye karatasi, nikaenda 25. Tano za kwanza zilikaa pamoja, sentimita 4 na kidogo chini na 2 kushoto. Kliki moja ya skrubu ya kurekebishia ya Venom ni MOA 1, kwa hiyo nilipandisha sita na kwenda kulia tatu. Tano zilizofuata ningezifunika kwa kifuniko cha chupa ya soda, isipokuwa moja ambayo nilijua imeniponyoka kabla haijafika. Kinachochukua muda ni mkono. Saiti imekaa juu kuliko ile ya zamani, na wiki za kwanza nilikuwa nikiinua bastola naona kioo kitupu. Nukta iko juu ya fremu. Nyumbani, bastola tupu, risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine, niliinua mara 50 kila jioni nikitazama alama ukutani. Wiki ya tatu nukta ikaanza kunisubiri.

Malalamiko ninayo. Kioo kimekaa nyuma ya tundu la kutolea maganda, na risasi za .22 ni chafu, kwa hiyo kila baada ya risasi 100 kuna masizi upande wa mbele. Nafuta kwa kitambaa cha miwani baada ya kupuliza, nisisugue vumbi kwenye utando. Kitaa kiko wazi: siku ya manyunyu tone moja liliketi juu yake na nukta ikawa madoadoa matano. Skrubu mbili za juu zililegea mwezi wa pili. Nilizisafisha kwa spiriti, nikaweka gundi ya skrubu ile inayoweza kufunguliwa, nikapiga mstari mwembamba wa rangi nyeupe ukivuka kichwa cha skrubu na mwili wa saiti. Tangu hapo mstari haujavunjika. Betri ni CR1632, na si kila duka linayo kama CR2032, lakini funguo nyingi za Toyota huitumia, kwa hiyo wanaotengeneza funguo za magari mjini wanayo.

Kuhusu kuagiza, nilipitia duka la silaha lenye leseni na nikauliza ofisi ya leseni kwanza. Usimtume ndugu aliye Marekani akubebee kwenye begi. Huko saiti za silaha ziko katika orodha ya vitu ambavyo kuvitoa nje ya nchi kunadhibitiwa, na utamtia matatani mtu asiye na kosa.

Alama zangu sasa ziko kati ya 89 na 92. Lakini mashindano ya bastola ya kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kupiga shabaha, hayaruhusu saiti ya nukta, ni saiti za wazi tu, na sijaacha kuyatamani. Saiti ya nyuma ya kiwandani iko ndani ya kasha la bastola, imefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, pamoja na kipande kile cha shaba alichonipa fundi. Mwezi uliopita fundi aliifunga tena saiti hiyo kwenye bastola, nikapiga risasi kumi nayo, akairudishia nukta. Ilihitaji kliki mbili tu kurudi katikati. Nilimpigia simu mzee aliyeniuzia nikamwambia bastola yake haina tundu hata moja. Aliniuliza lini nitampitia tuende naye renji, naye achungulie hiyo nukta.