Udongo wa tangi la mimea kwa sisi wa maji ya kisima: uzoefu wangu

Kama unakaa Kisauni, hapa Mombasa, na maji yako ni ya kisima, soma hapa kabla hujatoa pesa za mfuko wa udongo wa akwariamu (tangi la samaki na mimea ya majini) unaoletwa kutoka nje. Si udongo mbaya hata kidogo. Nimeutumia, na mimea inayokula kwa mizizi, hasa Cryptocoryne, ilitoa majani mapana kuliko ilivyowahi kutoa kwangu. Shida ni kwamba maji yetu yanaumaliza mapema.

Ni punje nyeusi za udongo uliookwa kidogo, zenye mboji ndani yake. Ukiibana moja kwa vidole inavunjika na kukuachia doa la kahawia. Ulaini huo ndio unaoifanya ishike virutubisho na kuviachia mizizi polepole, na ndio unaopunguza ugumu wa maji, yaani wingi wa chokaa ndani yake, na kushusha pH, kipimo cha uasidi, chini ya 7. Mfuko wa lita 9 unafunika tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa kina cha sentimita 5 bila kubaki kitu. Ukitaka mteremko kuelekea nyuma, itabidi uongeze.

Sasa njoo kwetu. Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na visima tunavichimba humo humo. Maji yanatoka na chokaa nyingi. Funua birika la chai la nyumbani uone ule ukoko mweupe ulioganda chini. Kila unapobadilisha maji unaingiza chokaa mpya, udongo unaipokea, hadi siku unapojaa na kushindwa. Kwangu pH ilishuka vizuri mwanzoni, kisha ikaanza kupanda tena taratibu mpaka ikarudi ilikokuwa. Mimea haikufa, lakini ile kazi ya kulainisha maji, ambayo ndiyo inayoupandisha bei, ilikuwa imekwisha. Anayekinga maji ya mvua ya masika kwenye tangi la bati atakaa nao muda mrefu zaidi, na huyo namwambia anunue bila wasiwasi.

Jambo jingine ambalo muuzaji wangu hakulitaja: wiki za mwanzo udongo huu hutoa amonia. Maji yakiwa na pH ya juu na joto la nyuzi 28 au 29, kama yalivyo hapa kwetu, sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo inakuwa sumu kwa samaki. Panda mimea, badilisha maji mara kwa mara, na samaki wasubiri mpaka vipimo vya amonia na nitriti, sumu nyingine inayotokana na amonia, visome sifuri. Inaniuma kuona mtu akiuziwa udongo na samaki siku moja.

Halafu kuna swali ambalo kila mtu hapa huniuliza: kwa nini nisichote mchanga wa ufukweni Nyali au Bamburi, bure? Weka kijiko cha mchanga huo kwenye glasi, umwagie siki. Utachemka, povu litapanda, na ukisogeza sikio utasikia ukichachatika. Una vipande vya matumbawe na makombe, yaani chokaa. Kwa samaki wa Ziwa Malawi, wanaopenda maji magumu, unafaa. Kwa mimea mingi ni adhabu, kwa sababu pH ikipanda chuma hakipatikani kirahisi na majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani.

Ninachokipenda mimi, na tangi langu kubwa liko hivyo hadi leo, ni udongo wa kawaida wa bustani chini na mchanga wa mto juu. Udongo usiwe na samadi wala mbolea ya dukani. Uchekeche, utoe mizizi na mawe, utandaze kama sentimita 2 na nusu. Juu yake mchanga, sentimita 3 hivi, wenye punje za milimita 1 hadi 2. Mchanga laini kama unga unashikana, hewa haipiti, na ukiuchokoa unatoa harufu ya yai viza. Uoshe kwenye beseni mpaka maji yatoke meupe. Hapo ndipo kazi ilipo, usiharakishe. Na hata kama aliyekuuzia mchanga wa ujenzi amekuapia ni wa mto, utie siki. Mchanga ukinyamaza kimya bila povu, uingize tangini.

Gharama haikaribiani kabisa na ya ule mfuko, na Vallisneria, mmea wa majani marefu usiojali maji magumu, imejaa kioo kizima cha nyuma. Echinodorus, mmea mwingine wa kula kwa mizizi, ni mlafi, kwa hiyo mchanga unapozeeka namzikia kidonge cha mbolea karibu na shina. Kasoro ipo: ukipenda kung'oa na kupanda upya kila mara, udongo wa chini unapanda juu na maji yanakuwa matope. Hapo punje nyeusi zinashinda.

Na kama mimea unayoitaka ni Anubias na jimbi la Java tu, usinunue udongo wowote. Hiyo hula kutoka majini. Ifunge kwenye jiwe au gogo kwa uzi, na shina lake linalotambaa lisifukiwe, maana likifukiwa linaoza.