Nililipia magurudumu manne, wakagusa mawili

Hasira hii nimekaa nayo wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa.

Gari langu ni la zamani na nalitunza. Lilianza kusumbua nyuma. Nikikata kona mkia unachelewa, kisha unafuata kwa kishindo, kana kwamba huko nyuma kuna usukani wa pili na umeshikwa na mtu mwingine. Barabara ikinyooka, ni lazima usukani niushike umeinama kulia ndipo gari liende sawa. Tairi za nyuma zilikuwa zinaliwa upande wa ndani, ukipitisha kiganja unakwaruzwa kama na meno ya msumeno. Nilishabadilisha shokapu, nikajaza upepo kwa kipimo, wapi.

Nikalipeleka kwenye karakana yenye mashine ya alaimenti, yaani ya kupima na kunyoosha uelekeo wa magurudumu. Nikamwambia kijana waziwazi kwamba tatizo liko nyuma. Akaitikia bila kuniangalia usoni. Nikalipia magurudumu manne. "Tayari, bosi." Sikufika hata mtaa wa pili, usukani umeinama vilevile.

Nikageuza. Nikadai karatasi ya vipimo, akanipa kwa shingo upande. Mstari wa mbele wote kijani, yaani sawa. Wa nyuma wote nyekundu, yaani haukunyooka, na tarakimu za kabla na za baada hazikutofautiana hata moja! Nikauliza mbona nyuma hamkugusa. Akanijibu mbele ya wateja wenzangu, kwa sauti: "Mzee, gari limechoka hili. Nyuma huwa hakurekebishwi. Tafuta jingine."

Hapo damu ilinichemka. Ni kweli yapo magari ambayo ekseli ya nyuma ni kipande kimoja na hayana pa kurekebishia. Langu si hilo. Kila gurudumu la nyuma lina mikono yake, vile vyuma vinavyolishikilia kwenye gari, na kuna boliti yenye kisahani kisichokaa katikati, ukiizungusha inausogeza mkono. Mtu wa alaimenti asiyejua hilo anafanya nini pale? Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linasukumwa kuelekea wapi. Yakitazama kando, gari linatembea kiubavu kama kaa, na dereva anafidia kwa usukani siku nzima. Ndiyo maana nyuma hunyooshwa kwanza, mbele ikafuata. Na si suala la tairi tu. Kwenye lami yenye maji mkia uliwahi kunichomoka nikiwa na watoto ndani.

Aliyeniokoa ni fundi asiye na mashine yoyote. Alilala chini, akapachika mtaimbo kwenye mkono wa nyuma kushoto, akausukuma. Mkono ukacheza. Bushi, ule mpira wenye chuma kwenye kiungo cha mkono, ilikuwa imechanika, mpira umeachana na chuma. Boliti ya kurekebishia nayo ilikuwa imeshikana na kutu ndani ya bushi, ikabidi ikatwe. Pengine yule kijana aliijaribu ikamshinda. Basi si angesema tu!

Fundi alifunga bushi mpya pande zote mbili, na hapa ndipo nilipomheshimu zaidi. Alikataa kukaza boliti gari likiwa juu ya jeki. Alilishusha kwanza likalie magurudumu yake, ndipo akakaza. Ukikaza mkono ukiwa unaning'inia, alisema, gari likishuka mpira unabaki umejisokota, na hauchukui muda unachanika tena.

Baada ya bushi kufungwa, vipimo ni lazima vichukuliwe upya, na mashine niliyoweza kuifikia ni ileile. Nilikwenda nimekunja uso. Akanipokea mzee mmoja wa palepale, akatikisa magurudumu kwa mkono kabla ya kupima chochote, akaanza na nyuma, akanionyesha kila tarakimu ikigeuka kijani. Gari sasa linakwenda limenyooka, kona linaingia lote kwa pamoja. Nilitaka kuandika msiikanyage karakana ile. Kwa kazi ya mzee yule siwezi kusema hivyo, mtafuteni yeye, na msiondoke bila karatasi mkononi.

Lakini malipo ya mara ya kwanza hawakunirudishia, na nikikumbuka hilo nashindwa kuwasifu. Yule kijana alipita, akasimama, akaitazama skrini iliyokuwa kijani juu hadi chini. Akaenda zake. Hata samahani hakuitamka.