Albamu za Yes, kutoka Close to the Edge hadi Union: nani alishika wembe?

Kwangu Close to the Edge ndiyo ya kwanza na Union ndiyo ya mwisho. Hapo sijasema jipya, mashabiki wengi wa Yes, bendi ya roki ya Uingereza, watakubali bila kubishana. Ubishi uko katikati, kwenye Tales from Topographic Oceans, Tormato, Drama na 90125, na katika kuzipanga hizo kuna kipimo kimoja kilichonifaa kuliko vyote: je, studio palikuwa na mtu mwenye ruhusa ya kukata? Bendi hii haijawahi kukosa mawazo. Imekuwa nayo mengi mno, na albamu zake hupanda na kushuka kulingana na nani aliweza kusema "hapa toa".

Na kukata kwenyewe si fumbo. Eddy Offord, fundi wa sauti aliyefanya nao kazi tangu Time and a Word ya 1970, alikuwa akikata utepe kwa wembe na kuunga vipande. Close to the Edge, iliyotoka Septemba 1972, ilijengwa hivyo katika studio za Advision, London: bendi inafanya mazoezi ya kipande kifupi, inakirekodi, inasimama, inajadiliana, inaingia kipande kinachofuata. Mpiga ngoma Bill Bruford alichoshwa na mwendo huo, akaondoka kwenda bendi ya King Crimson mara kazi ilipokwisha. Lakini sikiliza matokeo. Wimbo wenye jina la albamu una karibu dakika 19, umejaza upande mzima wa santuri, na hauna mahali unapojikuta unasubiri. Ndege na maji, kisha fujo la gitaa la Steve Howe ambalo kwa mgeni linaonekana kama kila mtu anapiga wimbo wake, kisha ghafla kiitikio kinaziba pengo lote. Baada ya dakika ya 12 inaingia ogani ya kanisa, iliyorekodiwa St Giles-without-Cripplegate, halafu sinthesaiza ya Rick Wakeman inaichukua ile tuni mikononi mwake. Mtu akiniambia hajaupenda wimbo huu, huwa nadhani amezima kabla ya hapo.

Albamu nzima haifiki dakika 40. And You and I haikuwahi kunichosha. Siberian Khatru ndiyo ninayompa anayetaka kujua besi ya Chris Squire ilikuwa na nini. Squire alipiga besi ya Rickenbacker kwa kichokoo badala ya vidole, na sauti yake aliigawa mara mbili: sehemu nzito kwenye amplifaya ya besi, sehemu kali kwenye amplifaya ya gitaa. Ndiyo maana besi yake inasikika ikiimba juu ya ngoma badala ya kunguruma chini yake. Ndiyo maana pia Yes kwenye spika ya simu ni hasara tupu: uzito unapotea, unabaki na mkwaruzo wa juu, na utadhani gitaa moja linagombana na jingine. Tumia hedifoni zinazofunika masikio, au spika mbili zilizoachana vizuri.

Fragile naiweka ya tatu, ingawa ndiyo iliyowapa umaarufu. Sababu ni muundo wake. Ina nyimbo nne za bendi na vipande vitano vya mtu mmoja mmoja, na vipande hivyo havilingani hata kidogo. The Fish ya Squire, besi juu ya besi juu ya besi, ni ya kurudiwa. Mood for a Day ya Howe ni gitaa safi. Wakeman anapiga Brahms kwa vinanda vyake, na nikishasikia mara moja nimesikia. Kipande cha Bruford kina sekunde kama 35, basi hata kukilaumu huwezi. Anayeanza namshauri apige Roundabout, South Side of the Sky, Long Distance Runaround pamoja na The Fish, kisha Heart of the Sunrise. Jumla ni kama dakika 33, na kwa mpangilio huo hii ni albamu inayoisogelea kabisa Close to the Edge. Angalizo mbili. Kwanza, Long Distance Runaround na The Fish zimeungwa bila pengo, kwa hiyo zima ile mipangilio ya programu inayochanganya nyimbo ovyo au kuzipishanisha mwishoni, la sivyo kiungo kinakatika vibaya. Pili, Roundabout kamili ina dakika nane na nusu. Toleo la singo lilikatwa hadi chini ya dakika nne, na kama hilo ndilo unalolijua, wembe hapo ulishikwa na mtu mwingine kabisa.

Ya pili basi ni ipi? Relayer, ya 1974, na najua wengi watanipinga. Wakeman hayupo, kwenye vinanda yuko Patrick Moraz wa Uswisi, na muziki ni mkali, wa chuma, umekaribia jazi kuliko kitu chochote walichofanya kabla au baada. The Gates of Delirium ni vita ya dakika karibu 22. Kwenye mapigano yenyewe, zile kelele za vyuma ni vyuma kweli: Alan White, mpiga ngoma aliyemrithi Bruford, na mwimbaji Jon Anderson waliokota vipuri vya magari kwenye jaa la skrepa wakavigonga. Halafu vumbi linatua, inaingia sehemu ya Soon, sauti ya Anderson na gitaa la kuteleza la Howe, na hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini kelele zote zile zilihitajika. Hapa urefu una kazi. Toa mapigano, Soon inakuwa wimbo mzuri tu wa polepole.

Hasara ya Relayer iko kwenye santuri. Upande wa dakika 22 unalazimisha mifereji ibanane na sauti ikatwe chini kidogo. Halafu kadiri sindano inavyokaribia katikati, duara linakuwa dogo, mwendo wa mfereji chini ya sindano unapungua, na sauti kali ndizo zinazoanza kukwaruza. Soon, yenye sauti nyembamba kuliko zote, imekaa hapo hapo mwishoni. Santuri iliyochakaa au sindano isiyopangwa sawasawa itakuharibia dakika zilizo bora kuliko zote. Kabla ya kuilaumu nakala yako, angalia uzito wa sindano na pembe ya kichwa chake. Kwenye CD tatizo hilo halipo.

Sasa Tales from Topographic Oceans. Santuri mbili, nyimbo nne, kila wimbo upande wake, zaidi kidogo ya dakika 80, mwishoni mwa 1973. Wazo Anderson alilipata kwenye maelezo ya chini ya ukurasa mmoja katika kitabu cha Yogananda, mwalimu wa yoga kutoka India, kuhusu maisha yake mwenyewe. Wakeman hakuificha shida yake: vitu vilikuwa vingi kwa santuri moja, haba kwa mbili, kwa hiyo vikajazwa. Jukwaani Manchester akafikia kula kari katikati ya onyesho. Nakubaliana naye nusu. Upande wa kwanza na wa nne ni Yes halisi. Wa pili una mandhari nzuri ya vinanda iliyovutwa mpaka ikawa nyembamba. Wa tatu una gitaa la Howe lisilo la umeme mwishoni ambalo ni tamu sana, lakini kulifikia kunadai dakika nyingi za kutangatanga. Offord alikuwepo safari hii pia, ila hakuna aliyemwachia akate.

Namna ya kuisikiliza bila kuichukia: usianze mwanzo. Anza na Ritual, upande wa nne, wenye besi ya Squire ikiwa mbele na sehemu ambayo ngoma zinatawala zote. Siku nyingine piga wa kwanza. Wa pili na wa tatu vije baadaye, kimoja kimoja. Atakayekaa dakika 80 mfululizo mara ya kwanza atasema albamu ni mbovu, na siwezi kumlaumu.

The Yes Album ya 1971 ni ya nne kwangu, na kwa mtu asiyependa mambo makubwa makubwa ingeweza kuwa ya kwanza. Howe ndiyo kwanza ameingia, Tony Kaye yuko kwenye ogani ya Hammond, na kila kitu kina mifupa. Katika Perpetual Change kuna mahali bendi inagawanyika, spika moja inapiga hesabu yake ya mapigo na nyingine yake. Kwa spika moja hutaisikia kabisa.

Going for the One ya 1977 ina Awaken, na kwa Awaken pekee naisamehe mengine. Wakeman amerudi, wako Montreux, Uswisi, na ogani ni ya kanisa la Vevey ambalo sauti yake ililetwa studio kwa waya za simu. Nyimbo zake fupi ni nyepesi na zina haraka ya kupendeza, ila jumla ya sauti ni kali juu, inachosha ukipandisha.

Kutoka hapo hadi Tormato ni mwaka mmoja tu, na huo ndio mporomoko ninaoujadili kuliko yote. Watu ni wale wale watano! Tatizo si nyimbo zote. Onward ya Squire ni nzuri, na On the Silent Wings of Freedom inaanza kwa besi ya kumfanya mtu asimame. Tatizo ni kwamba hakuna nafasi. Sinthesaiza za Wakeman, ikiwemo Birotron iliyotoa sauti kutoka kwenye kaseti za utepe, zimekaa kwenye masafa yale yale ya gitaa la Howe, na wote wawili wanapiga noti nyingi kwa wakati mmoja bila wa kumpisha mwenzake. Ngoma zimefifia kama zimefunikwa blanketi. Release, Release imewekewa kelele za umati juu yake, na kilichokuwa kimebaki cha ngoma kikazama humo. Kupandisha sauti kali kwenye amplifaya hakusaidii, kinachopanda ni mkwaruzo. Punguza kidogo katikati badala yake, angalau besi itapumua. Albamu inasema kwenye jalada kuwa mtayarishaji ni Yes, yaani wote, yaani hakuna.

Ndiyo maana Drama ya 1980 naipenda kuliko inavyostahili kwa sifa zake. Anderson na Wakeman wameondoka, wameingia Trevor Horn na Geoff Downes wa bendi ya Buggles, na mashabiki wengi wa wakati ule hawakutaka hata kusikia. Horn haimbi kama Anderson, hilo ni kweli, na kwenye noti za juu anasikika akijitahidi. Lakini Machine Messiah ni nzito na imenyooka, Tempus Fugit ni Squire akiwa kileleni, na dakika zote hazifiki 40. Ukiwa umetoka kwenye Tormato ni kama dirisha limefunguliwa.

Horn huyo huyo akarudi 1983 kama mtayarishaji wa 90125, na hapo wembe ukawa kazi ya mtu rasmi. Jina ni namba ya katalogi tu. Gitaa ni la Trevor Rabin, na Owner of a Lonely Heart ikafika namba moja Marekani Januari 1984. Wanaosema hii si Yes wana hoja: mradi ulianza kwa jina la Cinema, na Anderson aliingia kazi ikiwa imeshapigwa sana. Mimi naihesabu. Sikiliza mwanzo wa Changes unavyokataa kutulia kwenye hesabu moja ya mapigo, au sauti zilivyorundikwa kwenye Leave It. Ni ya sita kwangu, baada ya Drama. Going for the One iko nyuma yao, na najua hilo litawaudhi wapenzi wa Awaken.

Albamu za baadaye sizirudii sana. Magnification ya 2001, iliyoweka okestra mahali pa mpiga kinanda, ndiyo inayostahili nafasi zaidi. Open Your Eyes ya 1997 imejaa tabaka za sauti zilizoshonwa juu ya nyimbo za kawaida, na inamalizika kwa dakika nyingi za sauti za asili ambazo wengi hudhani ni hitilafu ya CD. Si hitilafu. Heaven & Earth ya 2014 iko polepole mpaka unatamani kumsukuma mtu.

Kwa anayenunua: albamu tano kuanzia The Yes Album hadi Relayer zilichanganywa upya na Steven Wilson kati ya 2013 na 2016. Relayer imefaidika kuliko zote, kwa sababu vurugu la mapigano sasa lina kina na unaweza kumfuata kila mpigaji. Fragile naona ilikuwa nzuri tangu awali. Tofauti ni ndogo, usilipie mara mbili.

Union, ya 1991. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa walikuwa wanane, kambi mbili, ya Anderson na ya Squire na Rabin, zilizounganishwa kwenye karatasi kuliko studio. Kwenye nyimbo za kambi ya Anderson besi si ya Squire, ni ya Tony Levin, na sehemu nyingi za Howe na Wakeman zilijazwa au kubadilishwa na wanamuziki wa kukodiwa. Wakeman aliiita "Onion". Safari hii wembe ulikuwepo, tena mkali, ila aliyeushika aliukata muziki wa watu ambao hawakuwemo chumbani. Nimebakiza Masquerade, Howe peke yake na gitaa lake, na Lift Me Up ya Rabin. Nyingine sizipigi.