Unanunua silaha ya kwanza? Hivi ndivyo ninavyozipanga

Mtu akishapata kibali, swali lake la kwanza huwa ni hilo hilo: ipi ina nguvu zaidi? Mimi humuuliza: utakwenda nayo kulenga shabaha mara ngapi kwa mwezi? Silaha inayomuumiza mwenyewe mkono hutoka mara moja tu, kisha inalala kabatini. Siku ikihitajika, mwenye nayo hakumbuki hata kama ameiacha na risasi kwenye chemba (tundu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa) au la. Kwa hiyo nafasi za juu nimezipa zile ambazo mtu wa kawaida atazizoea.

Nafasi ya kwanza naipa bastola ya wastani ya milimita 9. Mfano mzuri ni Glock 19, iliyotoka mwaka 1988, magazini yake (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) ikibeba risasi 15. Nasisitiza wastani kwa sababu mpini unaenea vidole vyote, hata kidole cha mwisho hakining'inii. Risasi yenyewe ipo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, inatengenezwa karibu kila nchi yenye kiwanda cha risasi, na teke lake, yaani msukumo wa kurudi nyuma inapolia, linavumilika. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, iliwahi kuiacha ikaenda kwenye risasi ya .40, iliyo kubwa zaidi, halafu katikati ya miaka ya 2010 ikairudia. Mojawapo ya sababu ni kwamba maofisa wake wengi walikuwa wanalenga vizuri na kwa kasi zaidi wakiwa na 9.

Kasoro zipo. Glock haina kizuizi cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba. Ukivuta kifyatulio, inalia. Usiibebe bila ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, na mfuko wa suruali si ala. Halafu kuna kukoki, yaani kuvuta nyuma slaidi (chuma cha juu cha bastola) ili risasi iingie chemba. Ukiwa dukani, muuzaji akishaitoa magazini na kukuonyesha kwamba chemba ni tupu, vuta slaidi mara kumi mfululizo. Ikifika mara ya sita unaanza kukunja uso, angalia nyingine.

Ya pili ni rivolva ya .38 Special yenye mtutu wa inchi 4. Smith & Wesson Model 10 ni ya tangu 1899 na watu hawajaichoka. Inabeba risasi 6 tu, lakini ukifungua silinda (gurudumu linaloshika risasi) unaziona zote kwa macho, na risasi moja ikigoma unavuta tena, inayofuata inakuja yenyewe. Taabu yake ni kifyatulio: bila kuvuta nyundo kwanza, kinadai nguvu ya karibu kilo 5, na kidole kikihangaika mtutu unayumba. Wenye vidole dhaifu wataisumbukia.

Ya tatu, bunduki ya marisau (vipira vingi vidogo kwa risasi moja) ya pampu, kama Remington 870 au Mossberg 500. Kwa anayekaa shambani ningeipandisha hadi ya kwanza. Ila usidanganywe kwamba haihitaji kulenga. Kwa umbali wa chumba marisau bado yako pamoja, upana wa kiganja hivi, na ukikosa umekosa. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa ndogo mtutu ni mpana zaidi. Geji 12 inapiga teke hasa. Geji 20 inamfaa mtu mwembamba, wala asione aibu.

Bunduki ya .22, mfano Ruger 10/22, sikuipa nafasi kwa kuwa risasi yake ni ndogo mno kwa ulinzi. Lakini kwa kujifunzia sijui inayoishinda. Kibali kikiruhusu silaha mbili, hii iwe mojawapo.

Mkiani kabisa naweka vibastola vya kuficha kiganjani. Vinauzika sana kwa sababu ni vyepesi, na wepesi huo ndio ubaya wake, maana hakuna uzito wa kumeza teke. Nilimwona mwanafunzi mmoja akikishika kwa mikono miwili, kidole gumba cha kushoto amekipitisha nyuma ya slaidi kwa sababu mpini haukuwa na nafasi. Risasi moja tu, slaidi ikarudi, ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ikachanika. Ilibidi tufunge jeraha, mazoezi yakaishia hapo.

Kwenye bajeti hesabu na sanduku la chuma lenye kufuli, viziba masikio (mlio unapita desibeli 140) na risasi za mazoezi za kutosha. Fedha zisipotosha, nunua rivolva iliyotumika kuliko bastola mpya bila sanduku. Ukiikagua, hakikisha ni tupu, vuta nyundo nyuma, kisha jaribu kuitikisa silinda kwa vidole. Ikicheza kama jino la mtoto, mrudishie mwenyewe.